Shahidi Yangu Iko Shabunda

Bukavu, tarehe 11 Februari 2001

Mudogo wangu Aloys,

Barua hii nimeipa pilote wa ndege ya chumvi. Amesema atatua kwenu siku ya posho, ile ya sita ya juma, kama mawingu yanakubali. Basi ikikufikia, shukuru mawingu kwanza, kisha pilote.

Nakusalimia sana, na ule mugongo yako pia. Miye niko muzima. Goti la kushoto tu njo linanisumbua nikipanda kutoka sokoni, lakini naliambia litembee, linatembea. Maman Laurette jirani anakusalimia, anasema haujamurudishia sufuria yake toka mwaka ya 1973. Nimemwambia uko na vita huko, akasema sufuria haina vita. Mutoto wako Cédric iko. Anakula, anatoka, anarudi. Tuachie hapo.

Mvua imetupiga mwezi muzima. Nilikuwa naketi karibu na Posta nikisikiliza mabati, nikakumbuka mwaka ya 1950, papa akijenga nyumba hii. Unakumbuka? Wazungu walikuwa wanamupa matofali yaliyobaki ku chantier za ujenzi, badala ya nusu ya mushahara. Ukuta wa mbele ukatoka kwa matofali ya posta, ule wa kuume ya kanisa, ule wa kushoto ya hoteli. Kisha kazi ikaisha, papa akafinyanga matofali ya udongo yeye mwenyewe kwa ukuta wa nyuma, tumbo tupu, akauita Njaa. Posta, Kanisa, Hoteli, Njaa. Mama alikuwa anasema: "Weka mutungi karibu na Hoteli," na wageni wanashangaa. Weye ulikuwa na miaka tisa, unaleta maji ya kukoroga udongo, nusu unamwaga njiani.

Mulango wa papa bado unakwama. Kila mugeni anazani nimefunga na funguo. Weye pia, mutoto, ulikuwa unalia pale inje kila jioni mpaka papa anakufundisha kusukuma na bega.

Sasa neno lenyewe. Hapa Kadutu wazee wanaibiwa. Watoto wamekimbia vita, muzee anabaki peke yake na parcelle, nyumba na uwanja wake, kisha anakuja mupwa, ao mukwe, ao mutu wa kanisa, na karatasi. "Weka kidole hapa, papa, ni ya kupata unga wa musaada." Muzee anaweka kidole. Kisha ya juma moja, iko inje na godoro. Papa Edouard, chef de quartier wetu, mukubwa wa mutaa, amechoka kuwaona wakilala ku baraza ya bureau yake. Amefungua kitabu. Kila muzee anayeishi peke yake anaandikwa ndani, na anachagua shahidi mumoja. Hakuna karatasi ya parcelle inapigwa kashe, ule muhuri wake, kama muzee hajakuja mwenyewe siku ya ine ya juma, akasikilizwa bila ndugu ndani ya chumba, na shahidi amekubali. Na kama kichwa ya muzee haishike tena, shahidi njo anasema kwa jina lake.

Waliniuliza shahidi yangu ni nani. Nikasema: Aloys Mushagalusa, infirmier, Shabunda. Papa Edouard akaweka kalamu chini. "Mama, kule hakuna barabara. Tutamupata namna gani?" Nikamwambia: njo sababu nimemuchagua.

Nimelala muzuri toka ile siku.

Dada yako,
Cibalonza


Shabunda, tarehe 29 Aprili 2001

Yaya Cibalonza, dada yangu mukubwa,

Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya chumvi, nilitaka kuilamba. Nilisoma pale pa shahidi, nikacheka mpaka wagonjwa wakaniangalia. Nimekubali kazi. Nitakuwa shahidi ambaye hata Serikali haimupati.

Sisi tuko. Barabara imefungwa pande zote, pori limeanza nyuma ya dispensaire. Dawa zimeisha, natibu na maji ya moto na maneno mazuri. Chumvi inauzwa na kijiko. Nilikuja hapa kwa miaka mbili, unakumbuka, mwaka ya 1974. Bibi yangu, mama ya Cédric, amelala hapa chini ya udongo, na miye bado nasema "nitarudi nyumbani mwezi ujao".

Usiku nikifunga macho naona ziwa. Naona taa za wavuvi. Nasikia sambaza, samaki zetu ndogo, kwenye mafuta, na weye unanipiga kijiko ku mukono juu ya kuonja kabla ya sala. Niko na miaka sitini, Yaya, na ule mukono bado unauma, na ningetoa yote niliyo nayo ili uupige tena.

Umeandika juu ya Cédric: "Tuachie hapo." Nilipokuachia ule mutoto aanze masomo, ulikuwa unaniandikia kurasa mbili juu ya jino lake moja. Sasa kuna nini?

Mudogo wako,
Aloys


Bukavu, tarehe 26 Agosti 2001

Aloys,

Ulipata barua yangu ya Pasaka? Nilimupa Cédric aipeleke ku uwanja wa ndege. Ilikuwa ndefu, nilikuwa na huzuni ile siku. Nilikuandikia kwamba nimeketi karibu na Posta, tumeongea sana juu ya papa, kisha nikamusalimia Njaa kwa jina lako. Kama haujaipata, haizuru. Nitaikumbuka, nitakuandikia tena.

Goti linaendelea na ubishi wake. Maman Laurette amepata mujukuu, Maombi, mutoto mwenye sauti. Avoka za mwaka huu ni nyingi, tunakula mpaka tunachoka.

Umeniuliza juu ya Cédric. Sipendi kuandika ubaya wa mutoto niliyemuosha. Nitakuambia tu ninachoona. Siku hizi anaongea na miye pole pole, na sauti ya juu, kama mutu anayeongea na mugonjwa anayetoka ku opération. Ananiuliza mbele ya wageni leo ni siku gani. Mara moja nimekosea, nikasema ya tatu kumbe ilikuwa ya ine, nikamuona anamuangalia mugeni. Yule mugeni alikuwa na meta ya kupimia mu mufuko. Alipima uzio kutoka kwa muti wa avoka mpaka kwa Maman Laurette, kisha akasema amepotea njia.

Cédric anasema anataka kuja kwako Shabunda, kuna biashara ya mawe ya madini. Nimefurahi akuone. Mupe chakula, amekonda. Na umwambie anyoe.

Hakuna kingine.

Cibalonza


Shabunda, tarehe 2 Desemba 2001

Yaya,

Salamu nyingi. Naandika haraka, ndege inaunguruma.

Cédric alifika mwezi jana, alilala siku mbili, akarudi. Ni muzima. Tuliongea mambo ya familia.

Nilikuwa nawaza juu ya goti lako. Kule Nyantende hakuna ngazi. Watu wa upande wa mama bado wana nyumba kubwa pale, na maziwa, na hewa. Haungependa kupumuzika kidogo? Nyumba ya Kadutu ni kubwa kwa mutu mumoja. Mabati yanavuja. Papa mwenyewe angesema usijichoshe.

Mutu anafika wakati wa kulelewa, Yaya.

Aloys


Bukavu, tarehe 17 Machi 2002

Aloys,

Amani ya Mungu iwe kwako. Hapa, watu wa Goma waliokimbia moto wa volcan mwezi wa kwanza wamejaa kila nyumba. Miye nilipokea mama mumoja na watoto wake watatu, walilala karibu na Hoteli juma tano. Wamerudi. Nyumba ilionekana kubwa kweli ile jioni, kwa hiyo haukukosea.

Barua yako fupi niliipata. Niliisoma mara nyingi. Weye haujawahi kuniandikia barua bila kucheka hata mara moja, toka ulipojua kuandika.

Siku ya ine iliyopita waliniita ku bureau. Nilivaa kitenge cha ubatizo wa Cédric. Nilimukuta pale na yule bwana wa meta. Papa Edouard aliwatoa wote wawili inje, akafunga mulango, tukabaki yeye, miye, na Marie-Louise wa parokia, anayesomea wazee karatasi kwa Mashi na Kiswahili.

Ku meza kulikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ni barua yangu ya Pasaka. Imefunguliwa, na mistari imepigwa chini na bic nyekundu: "nimeketi karibu na Posta, tumeongea", "nimemusalimia Njaa". Marie-Louise alisoma, sauti yake inashuka kila mustari. Kisha akaniuliza kwa heshima sana: "Mama, Posta ni nani?"

Aloys, niliona haya ile siku, na sikuwa nimekosea chochote. Maneno ya nyumbani kwetu, maneno ya mama yetu, yamewekwa ku meza ya bureau kuonyesha kwamba nimekuwa wazimu. Nilitaka kulia. Nikasema, twende muione.

Tulipanda wote. Papa Edouard alisukuma mulango, akasema mama umefunga. Nikamuonyesha bega. Ndani nikawaonyesha matofali, namna rangi inabadilika kwenye kona, pale posta inakutana na kanisa. Nikawaambia kila ukuta ulianza mwezi gani na papa alikuwa anadai nani. Mwisho nikawapeleka nyuma, kwa Njaa, chini karibu na dirisha. Unajua kuna nini pale. Mukono wako wa miaka tisa, ulioupachika mu udongo mubichi, papa akataka kukuchapa, mama akasema uache ubaki. Marie-Louise aliinama akaweka mukono wake juu. Papa Edouard akatoa kofia. Akaniuliza kama Cédric anajua majina ya kuta. Nikasema alifanya masomo yake yote ya nyumbani karibu na Hoteli, kwa sababu pale taa inafika muzuri.

Kisha akatoa karatasi ya pili, aliibeba mu koti. Ilisema dada amepoteza akili, shahidi anakubali parcelle iuzwe kwa faida yake, na muzee apelekwe Nyantende. Chini kulikuwa jina. Akaniuliza kama naujua ule mukono.

Nikasema naujua. Nilifundisha ule mukono kuandika.

Hakuniuliza tena. Na weye sitakuuliza.

Papa Edouard ameamua hivi: karatasi inalala mu drawer yake. Haitapigwa kashe, na haitapasuliwa. Shahidi aje na miguu yake, aseme na kinywa chake, na miye nikiwa mbele yake. Mpaka ile siku nyumba haiuzwe, lakini jambo halijaisha. Yule bwana wa meta anapita kila siku ya posho, anasimama ku uzio, anangoja na yeye.

Cédric hajarudi kulala toka ile siku. Namuwekea chakula, asubuhi nakitupia kuku.

Dada yako


Shabunda, tarehe 30 Juni 2002

Yaya,

Nimeandika barua hii mara ine. Tatu nimeziwasha moto.

Ile mara Cédric alikuja, alifika hapa usiku, analia. Mbele ya Pasaka alikuwa amechukua vitu vya watu wenye bunduki, kwenda kuvibadilisha na mawe, wezi wakamunyanganya vyote njiani. Wenye vitu walimupa mpaka Noeli. Alikuwa na mununuzi wa nyumba tayari, alikosa jina langu tu. Alinitolea barua yako ya Pasaka, akanisomea: unaona, papa, anaongea na kuta.

Miye nilijua, Yaya. Posta ni nani, najua. Njaa ni nani, mukono wangu uko ndani yake. Na Cédric anajua. Tulikuwa watu wawili ndani ya ile chumba wanaojua vizuri kabisa, na kila mumoja alikuwa anangoja mwenzake acheke. Kama yeye angecheka, ningecheka. Hakuna aliyecheka. Nikaandika jina.

Sikudanganywa. Nataka ujue hivyo, kwa sababu utatafuta namna ya kusema nilidanganywa. Nilikuwa na mutoto mumoja na dada mumoja, nikawaza: dada ni muzee, atapata pa kulala, mutoto atauawa. Nilikupima na yeye kama muchele sokoni. Kisha nikakuandikia juu ya hewa ya Nyantende. Ile barua njo inaniua zaidi kuliko jina.

Unitoe mu kitabu. Weka Maman Laurette, weka Marie-Louise, weka mutu yeyote.

Wenye vitu wamekufa ao wamehama, sijui. Cédric ametuma neno ku phonie, ile redio ya parokia, kwamba iko Mumosho, anachoma matofali. Sikumujibu bado.

Sijui kama naweza kukuita Yaya tena, lakini sina jina lingine la kukuita.

Aloys


Bukavu, tarehe 9 Februari 2003

Mudogo wangu Aloys,

Barua yako imefika jana. Miezi saba. Ilipita Kindu, Goma, na mikono ya sista mumoja wa Kalima, bahasha imechakaa mpaka nimeishika na mikono miwili. Jina lako bado linasomeka.

Kwanza salamu. Maombi ya Maman Laurette anatembea. Muti mumoja wa avoka umeanguka na upepo, ule wa karibu na uzio. Yule bwana wa meta alifurahi, akazani na miye nitafuata. Cédric alikuja siku ya Noeli. Alisimama mu uwanja na mikono nyekundu ya udongo. Nilimupa bugali na sambaza, akakula akisimama. Ametengeneza bati la juu ya Njaa, akaenda. Nimemukasirikia na nimemuhurumia, vyote vinakaa pamoja na havigombane.

Weye nimekukasirikia zaidi. Nakuambia wazi juu umeniambia wazi. Nilikubeba mugongoni kutoka Nyantende mpaka hapa siku mama alikuwa mugonjwa, na weye umeniandika mu karatasi kama mbuzi ya kuuza. Nililia mwaka muzima. Sasa nimemaliza.

Lakini kuna kitu haukuelewa, na ningependa uelewe. Unazani nashika nyumba juu ya papa, ao juu ya parcelle. Watu wa hapa pia wanazani hivyo. Aloys, posta imekufa. Hakuna numero, hakuna sanduku. Kila barua yako imenifikia namna hii: pilote anaambia mubeba muzigo, mubeba muzigo anaambia mama wa soko, "peleka kwa yule mwalimu muzee mwenye nyumba ya rangi ine, pale mulango unakwama." Wanajua nyumba. Hawanijue miye. Nikihamia Nyantende, barua yako itafika kwenye mulango wa mutu mugeni, atawasha nayo moto. Na siku weye mwenyewe utatoka mu pori, na miaka yako sitini na kitu, na macho ambayo naamini yanapungua, utakuja wapi? Haujui pa kwenda pengine. Njo sababu nilikataa kuuza. Ulikuwa unauza mahali pa kurudi kwako.

Sikukutoa mu kitabu. Papa Edouard aliniuliza kama nabadilisha shahidi. Nikamwambia shahidi yangu iko Shabunda.

Cibalonza


Bukavu, siku ya ine, tarehe 20 Novemba 2003

Yaya,

Barua hii haikupanda ndege. Naiandika juu ya goti, hapa ku ngazi yako, na nitaipitisha chini ya mulango.

Nimefika leo asubuhi. Nilipanda Kadutu na miguu, kila mutu niliyemuuliza aliniambia: "nyumba ya rangi ine". Lakini nilipita kwanza ku bureau, juu sikutaka kukanyaga hapa nikiwa bado mu ile drawer. Papa Edouard alikuwa anasikiliza bibi mumoja muzee, nilingoja inje na wengine. Ilipofika zamu yangu, nikasema: niko shahidi wa mama Cibalonza. Akaniangalia viatu. Akasema sheria ni wewe useme mbele yake. Nikamwambia najua, nitarudi naye akikubali, lakini nilitaka Papa Edouard awe wa kwanza kusikia kwamba dada yangu iko na akili, na miye njo nilikosa. Amenipa ile karatasi niilete. Iko ndani ya bahasha hii. Usiniambie unaifanyia nini.

Nimekuletea kilo moja ya asali ya pori. Nimemuletea Maman Laurette sufuria, mupya, nimeinunua hapa chini.

Nimegonga mara mbili, mulango umefungwa. Nasikia redio ndani, kwa hiyo najua uko. Kama hautaki kufungua, naelewa. Nitalala kwa Maman Laurette, nitarudi kesho, na kesho kutwa. Niliona ziwa nikipanda. Ni lile lile.

Mudogo wako,
Aloys


(Nyuma ya karatasi ile ile, na kalamu nyingine, imerudishwa chini ya mulango)

Sijafunga. Ni mulango wa papa. Sukuma na bega.